Katuni Imekuja na Duka Lake

Wiki ya kwanza ya Januari, ukipita Soko la Majengo hapa Dodoma, utakuta mabegi ya shule yametundikwa kwenye kamba kwa mpangilio wake. Meusi na ya bluu, yale ya wanafunzi wakubwa, yako juu. Ya Elsa, ya Spider-Man, ya Barbie na ya lile gari jekundu lenye macho yananing'inia chini kabisa, usawa wa uso wa mtoto wa darasa la kwanza. Muuzaji naye haanzi na wewe. Anainama kwanza: "Dogo, Spaida huyu hapa, anakuita!" Mtoto akishalikumbatia begi, ndipo anainua macho. "Mama, mwangalie mwenyewe alivyolipenda. Elfu ishirini tu, tutaongea." Hapo mama ameshashindwa kabla hajafungua pochi.

Ugumu unaongezeka kwa sababu mzazi mwenyewe si mgeni wa mambo haya. Wengi wanaopeleka watoto darasa la kwanza mwaka huu ni waliozaliwa miaka ya 1980 na 1990. Ndio waliokaa sakafuni sebuleni kwa jirani mbele ya TV ya chogo, mmoja akiwa nje anazungusha mlingoti wa antena na wa ndani wakipiga kelele "hapo hapo, usiguse!" mpaka chenga zipungue. Walimjua Popeye, Tom na Jerry, na wale vijana wa Power Rangers, kabla hawajajua kusoma. Kwa hiyo mtoto akitaja katuni, mkono wa mzazi unakuwa mwepesi. Nusu ya zawadi ni ya mtoto, nusu ni ya baba mtu. Sikukuu moja nilimwona baba mtaani Makole akiliendesha gari la rimoti la mwanawe karibu kutwa nzima, mwenye gari amekaa kizingitini anasubiri zamu.

Nina ushauri kwa wazazi wa aina hii, nami nikiwa mmoja wao. Wote unasimama juu ya jambo moja: nafasi iliyopo kati ya mtoto kutamani kitu na kukipata. Zamani nafasi hiyo ilikuwepo yenyewe, hakuna aliyeiweka. Sasa haipo, na kama unaitaka itabidi uiweke wewe.

Ili kuelewa ilivyopotea, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1969 kampuni moja ya midoli ya Marekani ililalamika kwa tume ya mawasiliano ya nchi hiyo kwamba katuni ya Hot Wheels ni tangazo la nusu saa la vigari vya mshindani wake vyenye jina hilo hilo. Tume iliona hoja ina uzito, na mtindo huo ukabanwa kwa miaka kadhaa. Wakati wa utawala wa Reagan upepo uligeuka, na mwaka 1984 vizuizi vikaondolewa. Lakini wafanyabiashara hawakusubiri: He-Man ilikuwa hewani tangu 1983, mwaka mmoja baada ya kampuni ya Mattel kuanza kuuza midoli yake. Mwaka 1984 ikaja Transformers. Midoli ile ilikuwa ya kampuni ya Takara ya Japani; Hasbro ya Marekani ikaichukua, ikaipa majina mapya, kisha ikaagiza hadithi zitungwe. Bidhaa ilitangulia dukani, halafu ndipo shujaa akapewa kwao, adui na sababu ya kupigana. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kupunguza dakika za matangazo katika vipindi vya watoto: zisizidi 12 kwa saa siku za kazi, na 10 na nusu mwisho wa wiki. Katuni zenyewe, ambazo ndizo tangazo kubwa, zikaendelea kama kawaida.

Sasa angalia zilivyotufikia sisi. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilikaa bila kituo hata kimoja mpaka 1994, ilipoanza ITV na wenzake. Serikali ya Mwalimu iliiona televisheni kuwa anasa katika nchi ya wakulima ambao redio iliwatosha. Watoto wa mikoa ya kati walilelewa na kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania na hadithi za bibi. Wengi wetu katuni na filamu za mapigano tulizipata kwanza kwa deki, ndani ya kibanda umiza: benchi za mbao, turubai dirishani, jenereta ikinguruma nyuma, na mkalimani mwenye sauti nzito akimpa kila mzungu kauli za Kiswahili ambazo mzungu mwenyewe hakuwahi kuzisema.

Katuni ilifika, duka halikufika. Nionyeshe mtu aliyemkuta He-Man akiuzwa Manyoni au Kibaigwa miaka ile. Tangazo lilitufikia limekatwa mkia: tulitamanishwa kikamilifu, kisha hapakuwa na mahali pa kupeleka hela, hata kwa aliyekuwa nayo. Tamaa ile ikatafuta njia nyingine. Gari la kwenye katuni likatengenezwa kwa waya uliookotwa kwenye uzio, magurudumu yakakatwa kwenye ndala iliyokwisha kisigino, na usukani ukapachikwa kwenye fito ndefu ili dereva aendeshe amesimama wima huku akikimbia. Barakoa ya Power Rangers ilikuwa boksi la sabuni lililotobolewa matundu mawili. Kwenye makorongo, mvua zikishakatika, watoto walifinyanga ng'ombe wa udongo zizi zima, wakawachomeka miiba kuwa pembe, wakawaanika juani. Hata mashujaa wetu wa nyumbani, akina Madenge na Lodilofa wa gazeti la Sani, tuliwapenda bila kuuziwa midoli yao. Aliyewataka aliwachora nyuma ya daftari la hesabu, akachapwa na mwalimu.

Sisemi umaskini ni mwalimu mzuri. Waya zilikata vidole, na wasichana wengi hawakuwa na muda wa kuchezea huo udongo, kwa kuwa walikuwa kisimani. Ninachosema ni kwamba tunachokikumbuka kwa raha, tukiita utoto wa katuni, kwa sehemu kubwa kilitokea baada ya TV kuzimwa.

Duka limeshafika sasa. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam mwisho wa 2012 na mikoa mingine ikafuata mwaka uliofuatia. King'amuzi kikaleta chaneli za katuni saa 24. Simu janja zikaja na bando la usiku. Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, watumishi wakahamia na mishahara yao, na maduka yakawafuata. Mzigo wa Kariakoo unaouona Instagram asubuhi unaweza kupandishwa basi la usiku ukaupokea kesho, na tangu 2024 watu wenyewe wanakwenda Dar na kurudi kwa treni ya mwendokasi wakiwa na mifuko mkononi. Mtoto wa Nkuhungu anaona kitu saa mbili usiku, na kufika Jumamosi anajua kinauzwa kwa nani. Hata kuta za chekechea zimechorwa Mickey Mouse na fundi yule yule anayechora mabango ya saluni.

Tuanze na begi, kwa kuwa lina msimu wake na kila mwaka linaleta machozi. Tenganisha siku ya kuona na siku ya kununua. Kama unaweza, nenda sokoni peke yako Desemba, kabla bei hazijapanda, ukiwa na madaftari matano ndani ya mfuko. Yatie kwenye begi, livae, ruka kidogo bila aibu. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa mbele ya muuzaji, hasa kwenye kona. Geuza begi ndani nje uangalie mkanda uliposhikizwa: kama umepita mshono mmoja tu, kufika Pasaka utakuwa kwa fundi cherehani. Mabegi yenye sura kubwa za katuni ndiyo mara nyingi huwa na zipu mbovu kuliko yote, kwa sababu sura imeshafanya kazi ya kuuza na zipu haina la kuongeza. (Na mara nyingi sura yenyewe imechapwa bila ruhusa ya mwenye nayo. Kule California wametumia mamilioni kumfanya mwanao ampende Elsa, faida akala mwenye kiwanda asiyewahi hata kuitazama filamu.)

Ukishapata mabegi mawili matatu yenye zipu nzima na bei unayoiweza, ndipo umlete mtoto achague kati ya hayo. Kuchagua ni haki yake na kunampa raha ya kweli. Kama ya mapambo yote ni mabovu, nunua begi la rangi moja lililo imara, kisha mpeleke kwa fundi cherehani wa mtaani amshonee kiraka cha anachokipenda, nyota, samaki au jina lake. Watoto wengi huringia kiraka kuliko begi la Spider-Man, kwa sababu darasani hakuna mwingine mwenye nacho.

Mtoto akilia sokoni, usimdanganye kwamba huna hela. Atakuona dakika kumi baadaye ukinunua kuku, na atajifunza kwamba "sina" maana yake ni "lia zaidi". Mwambie ukweli ulio mfupi: "Hela ninayo, lakini kwa zipu hii siitoi." Usimuaibishe mbele za watu kwa tamaa yake. Tamaa ile imetengenezwa na watu wazima wenye ofisi, wanaolipwa mishahara mizuri kuifanya kazi hiyo, na yeye ana miaka sita.

Tena akikwambia "wenzangu wote wanalo", usibishane naye. Siku moja wahi kumchukua shuleni, simameni pembeni ya geti wakati wenzake wanatoka, mhesabu pamoja. Mara nyingi wote wanageuka kuwa wanne. Wakiwa ishirini kweli, basi umejifunza kitu kuhusu shule hiyo na wazazi wenzako, na pengine hilo ni jambo la kuzungumza kwenye kikao cha wazazi.

Kwenye simu kazi ni ngumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Tangazo la kwenye TV lilikuwa na mwanzo na mwisho; hata mtoto aliujua muziki wake. Siku hizi katika video za simu mpaka huo umefutika. Kuna aina nzima ya video ambamo mtoto mwenzao anafungua boksi la mdoli, anashangilia, anafungua jingine. Aliyevuma kuliko wote ni Ryan, mtoto wa Marekani ambaye wazazi wake walianza kumrekodi mwaka 2015. Kufika 2018 jarida la Forbes lilimtaja kuwa ndiye aliyeingiza fedha nyingi kuliko wote YouTube mwaka huo, na midoli yenye jina lake ikawa inauzwa madukani. Mtoto wako haoni tangazo pale. Anaona rafiki mwenye bahati. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani kwa tuhuma za kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na tangu mwanzoni mwa 2020 matangazo yanayomfuata mtu kwa tabia zake yamezuiwa kwenye video zinazotambuliwa kuwa za watoto. Zuio hilo halimgusi mtoto anayefungua maboksi, kwa kuwa yeye ndiye kipindi chenyewe.

Fanya hivi. Kwanza, simu ya mzazi isiwe na YouTube ya kawaida mkononi mwa mtoto wa chini ya miaka minane. Weka YouTube Kids, ingia kwenye mipangilio, chagua aone video ulizoziidhinisha wewe tu, na uzime kutafuta. Ni kazi ya jioni moja. Pili, zima uchezaji unaojiendeleza wenyewe, ule wa video moja kuisha na nyingine kuanza bila mtu kugusa. Huo ndio unaomtoa mtoto kwenye wimbo wa herufi na kumfikisha kwenye maboksi ya midoli. Tatu, na hii inafaa zaidi kwa sisi wa bando: pakua vipindi vichache ukiwa na intaneti nzuri, kisha mpe simu ikiwa imezimwa data. Video zikiisha zimeisha, na yeye mwenyewe anaona zimeisha, hakuna ugomvi wa kumnyang'anya. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kioo kisizidi saa moja kwa siku. Najua mama anayerudi kutoka kazini Mtumba saa kumi na mbili jioni na bado hajabandika ugali atacheka akisoma hapo. Acheke, lakini saa moja iliyopakuliwa ni bora kuliko saa moja iliyoachwa wazi.

Ukitafuta cha kupakua, huna haja ya kwenda mbali. Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa TBC mwaka 2014, imetengenezwa Dar es Salaam, na watoto wa humo wanafanya hesabu na sayansi kwa Kiswahili kisicho cha kutafsiri. Akili and Me ya wadogo ilifuata; Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Waliozitengeneza ni taasisi isiyo ya kibiashara, na hilo linaonekana: kipindi kinapoisha mtoto anaimba namba, haulizi duka. Linganisha na Paw Patrol, mbwa wale wenye kofia, ambayo tangu 2013 inatengenezwa na kampuni ya midoli ya Spin Master. Ni kipindi chenye adabu, sina ugomvi nacho, lakini kila mbwa ana gari lake na kila msimu unakuja na gari jipya. Hesabu magari utajua kinachouzwa.

Mtoto naye anapaswa kujua. Lakini anajua lini? Mwaka 2004 kikosi cha wataalamu wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilipitia tafiti na kusema kwamba watoto wa chini ya miaka minane kwa kawaida hawana uwezo wa kutambua kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wanalipokea kama taarifa. Quebec, kule Kanada, ilishaliona hilo mapema, na tangu 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13 yamepigwa marufuku. Sweden ilifanya hivyo mwaka 1991 kwa televisheni, kwa watoto wa chini ya miaka 12. Sisi tunaoletewa matangazo kutoka kila upande wa dunia kwenye simu, sheria ya nchi moja haitatufikisha mbali. Mlinzi wa kwanza ni aliyeko sebuleni.

Kwa hiyo kabla ya miaka minane usihangaike kumweleza nia ya biashara. Punguza tu anachokiona. Akifika darasa la pili au la tatu, mfundishe kwa mchezo. Chukua ndala iliyokatika, mpe, mwambie atengeneze tangazo lake kwa simu yako, na kila mtu wa nyumbani ashawishike kuinunua. Utaona maajabu. Ataisogeza karibu na kamera ili ionekane kubwa. Ataficha upande uliokatika. Atatafuta muziki. Atamwita mdogo wake aivae huku anacheka. Mwishoni atasema "wahi, zimebaki mbili". Hakuna aliyemfundisha, yote ameyachukua huko huko. Siku inayofuata mkiangalia tangazo la kweli, muulize tu: "Hawa wameficha upande gani?" Kuanzia hapo yeye ndiye atakayekuwa anakuonyesha wewe, hadi kwenye matangazo ya viwanja.

Kuna duka jingine dogo linalosahaulika: kwa Mangi. Vile vipakiti vya bisi na krispi vyenye zawadi ndani, pete, kinyago au kigari kidogo kama ukucha, vimewekwa mbele pale karibu na mkono wa mtoto aliyetumwa chumvi. Mtoto hali zile bisi, nusu anazimwaga. Hela ya mia tano inayokwenda huko kila siku, kufika mwisho wa mwezi, imekuwa mpira mzuri wa ngozi. Mwambie hivyo, lakini maneno hayatoshi. Nunua kibubu cha udongo au kile cha mbao, mpe hela yake ya wiki kwa sarafu, na kitu anachokitaka kichorwe kwenye karatasi ibandikwe juu ya kibubu. Ninyi wote mkubaliane: kibubu kinavunjwa tarehe fulani, si kabla. Ile nafasi ya kutamani na kupata unaiona pale kwa macho, na inalia ukiitikisa. Siku ya kuvunja, baadhi ya watoto watanunua kile kilichochorwa. Wengi watakuwa wameshahamia kitu kingine, na wachache wataamua hela isitumike kabisa. Usiingilie. Akinunua kitu kibovu kwa hela yake mwenyewe, somo hilo limelipiwa kwa bei nafuu sana.

Kutengeneza vitu vya kuchezea bado kunawezekana, ila siku hizi kunahitaji mtu mzima wa kukuanzisha. Likizo ya Juni na ya Desemba, kama bibi na babu wako Mvumi, Bahi au Kondoa, mpeleke mtoto akakae. Usimpe bibi orodha ya masomo ya ziada. Mwombe babu amwonyeshe kitu kimoja tu: kupinda waya, kusuka kamba, kufinyanga ng'ombe. Kwa mtoto wa mjini udongo wa korongo ni anasa kuliko gari la rimoti, na udongo wa kukandwa wanaouuza madukani kwa elfu kumi kopo haumfikii. Mnaobaki mjini, okoteni maboksi. Mji unaojengwa kwa kasi hii hauishiwi maboksi, mabomba yaliyokatwa na vipande vya mbao. Mtafute fundi seremala wa mtaani, umpe hela kidogo, akate vipande vya mraba na vya duara, avipige msasa vizuri. Ukivipaka rangi au usipake, vitadumu mpaka mdogo wa mwisho. Acha mtoto avigeuze Transformers kama anataka. Mashujaa wa katuni si haramu, na kucheza hadithi uliyoiona ni kazi ya akili. Mradi yeye ndiye afanye kazi, mdoli usimfanyie kila kitu.

Ukinunua midoli ya kiwandani, na utanunua tu, jambo moja usilipuuze. Midoli mingi ya bei rahisi inayoimba na kuwaka taa inatumia betri bapa za duara, zile zinazofanana na kidonge au kitufe. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Angalia mlango wa betri: uwe umefungwa kwa skrubu, usiwe wa kufunguka kwa ukucha. Kama hauna skrubu, toa betri utupe, mdoli utakuwa bubu na hakuna atakayeugua. Ukishuku mtoto amemeza, usisubiri kesho wala usimpe ndizi ili iteremke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, umwambie daktari neno "betri" kabla ya jingine lolote.

Baki na kumbukumbu zako mwenyewe. Watu wa masoko wanajua kwamba kizazi kilichopenda katuni za miaka ya 1980 na 1990 sasa kina mishahara, ndiyo maana Transformers zinarudi kwenye sinema, Barbie imerudi mwaka 2023, na fulana za He-Man zinavaliwa na watu wenye mvi. Ukitaka kununua kwa ajili yako, nunua, ni hela yako na umeifanyia kazi. Weka kwenye kabati lako. Usimpe mtoto kitu kwa jina lake kisha umkasirikie asipokishangilia kama ulivyotarajia. Yeye hana deni na utoto wako. Keki ya siku ya kuzaliwa ya sura ya Simba wa The Lion King, aliyotengeneza dada mmoja wa Area C, ni ya nani hasa, ikiwa mtoto anatimiza mwaka mmoja? Hiyo nayo ni sawa kabisa, mradi picha mnapiga mkijua ni ya nani.

Wanaobaki ni ndugu, na hao ndio wagumu. Unaweza kupanga kila kitu, kisha shangazi akashuka kwenye treni kutoka Dar na mfuko mkubwa kuliko mtoto, umejaa bunduki za plastiki zinazolia. Huwezi kuzirudisha, utakuwa umeharibu undugu kwa ajili ya plastiki. Mpigie simu mapema, wiki mbili kabla ya Krismasi au Idi, kabla hajaenda Kariakoo, umwambie kwa heshima: "Shangazi, mwaka huu watoto wanakuomba kitu kimoja, mpira wa kweli, au hela ya kutia kwenye kibubu." Shangazi wengi hufurahi, kwa sababu wao pia hawajui wanunue nini. Akija na bunduki hata hivyo, mshukuru, watoto wazipigie siku ya sikukuu mpaka masikio yaume, na kesho yake asubuhi toa betri.